Mshahara wa Dada si Baitulmali ya Ukoo



Leo tuseme lile linalosemwa majumbani kwa kunong'ona. Dada mmoja wa hapa Subukia alikwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Mkataba wa miaka miwili, riyali 900 kwa mwezi, kama shilingi 31,000 hivi. Karibu zote alikuwa akituma. Aliporudi alikuta nini? Kaka ana bodaboda, na ile ya kwanza alishaiuza. Ami ameongeza mke. Ile ploti aliyoambiwa imenunuliwa, ukiuliza iko upande gani wa barabara ya Nyahururu watu wanaanza kukohoa.

Alipotaka hesabu akajibiwa: "Umekuwa mbinafsi siku hizi. Sisi hapa hatuishi hivyo."

Hebu tulia hapo. Anayeamka kabla ya alfajiri kupiga deki nyumba ya watu ndiye mbinafsi, na anayekaa kijiweni akingoja M-Pesa ndiye mlinzi wa undugu? Wallahi hii ni dhulma, na kuivisha kanzu hakuifanyi iwe dini.

Wanaoitaja ile hadithi ya mtoto na mali yake kuwa vya baba yake, waisome na maelezo yake. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, wamesema baba huchukua kwa kadiri ya haja yake, bila kumdhuru mtoto. Baba mwenye haja. Si kaka mwenye nguvu zake, si ami. Surat An-Nisaa, aya ya 32, imempa mwanamke fungu lake katika alichochuma. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali. Sasa huyo kaka anasimamia kitabu gani?

Tunapaza sauti juu ya kafala, na ni haki yetu: mageuzi ya kazi ya Saudia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Lakini tajiri akimnyima dada mshahara tunaita dhulma, sisi tukimmalizia huo mshahara tunaita undugu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Serikali inajisifu nazo. Ni nani anayeuliza wenyewe walibaki na ngapi?

Lakini sikuja kuwapigia makofi wale wa TikTok wanaohubiri "kata ndugu, jijenge". Dada huyu naye, kwa hasira, alibadilisha laini akakaa miezi mitano kimya. Katika miezi hiyo dawa ya sukari ya baba yake ilikatika, na mama akawa anakopa kwa majirani. Hilo silitetei hata kidogo. Mzazi mhitaji ana haki juu ya mtoto mwenye uwezo, na hasira ya kaka haimlipii baba dawa. Tena tusisahau: pesa za pasipoti yake zilichangwa na watu wa msikiti, mia mia. Sisi Waislamu wa hapa ni wachache, hakuna anayeondoka kwa miguu yake peke yake.

Basi lina deni hilo. Ila deni lina kiasi, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ni ya kuandikiana. Mbona pesa za binti ndizo pekee zisizoandikwa?

Mwezi uliopita amerudi Riyadh kwa mkataba wa pili. Kabla ya safari waliketi kwao baada ya Asri wakaandika: kiasi fulani cha dawa ya baba, ada ya mdogo wake mpaka kidato cha nne, na kinachobaki kiingie katika akaunti yake mwenyewe, PIN anayo yeye. Kaka alikataa kutia sahihi. Wazee wawili wakashuhudia, karatasi ikapita bila yeye.