Kadi Ikilia Haijafa, Wacheni Kutuuzia Ingine

Kuna sentensi moja nimechoka kuiskia kwa kaunta za kompyuta: "Hiyo kadi imeenda, ongeza doo tukupe ingine." Mashine ina wiki mbili! Taa zinawaka rangi zote kama matatu ya Rongai. Inaganda katikati ya gemu, kadi ya grafiksi inalia kama mbu, na yule yule aliyeiunda, bila hata kufungua kifuniko, ashajua shida iko wapi. Amejuaje?

Tuanze na huo mlio, juu ndio wanatumia kukutisha. Ndani ya kadi kuna koili, yaani waya zimezungushwa, na umeme unapita hapo ukipanda na kushuka haraka sana. Koili zinatetemeka, na mtetemo ukifika kiwango cha masikio yetu unaskia wiiiii. Mara nyingi huzidi ukiwa kwa menyu ya gemu, pale kadi inachora fremu mamia kwa sekunde na hakuna chochote kinaendelea. Weka kikomo cha fremu 60, skiza tena. Ikipungua, ni koili tu. Inaboesha, sikatai, lakini si kifo. Tik-tik-tik nayo ni kitu ingine: angalia kama kuna waya umegusa feni. Zima, chomoa ukutani, sogeza waya. Na feni zikisimama kabisa ukiwa unasoma tu imeli, usipige nduru, kadi nyingi za siku hizi huzungusha feni joto likipanda. Feni ikikwaruza kama bodaboda imeisha beringi, hapo sawa, rudisha kadi.

Sasa kuganda. Rafiki yangu anakata video za harusi, na hiyo mashine ameiwekea akiba karibu mwaka mzima. Ilikuwa inaganda kila akianza kutoa video. Dukani wakamwambia ni kadi, alete elfu thelathini. Tulikaa nayo usiku mmoja kwake. Tukaingia BIOS tukazima XMP, ile seti inayosukuma RAM iende mbio kuliko kasi yake ya kawaida. Bado. Tukaweka MemTest86 kwa flashi, hiyo programu ni ya bure, tukapima vijiti vya RAM kimoja kimoja. Cha kwanza safi. Cha pili skrini ikajaa makosa mekundu kabla hata chai iive. Kadi haikuwa na neno.

Flashi moja na usiku mmoja! Hiyo ndiyo kazi duka lilishindwa kufanya kabla ya kuitisha elfu thelathini.

Na kama mashine haigandi bali inazima ghafla ama inajiwasha upya gemu ikinoga, angalia pawa saplai. Hapa ndipo wengi wanatubeba ufala, juu hakuna mtu hununua kompyuta akitazama kisanduku cha umeme. Chukua RTX 3060: NVIDIA wenyewe wanasema inakula wati 170 na wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Halafu unafungua mashine ya "gaming" unapata kidude hakina jina, chepesi kama mkebe wa Blue Band, kimebandikwa 500W. Nani alipima? Hata ile stika ya 80 Plus inaongelea tu kiasi cha umeme kinachopotea kama joto. Haikuahidi kwamba ndani kumeundwa vizuri.

Najua wenye maduka watasema faida ni ndogo na wateja ni wasumbufu. Sawa. Lakini pesa ya kioo na taa ilipatikana, si ndio? Toa feni mbili za kung'aa, weka pawa saplai ya maana. Na mkimaliza kuunda, ichapeni gemu zito saa mbili mkiangalia joto, kabla mtu ahesabu noti.

Halafu hii ya kuandika kwa risiti "mali ikiuzwa hairudishwi" mnaonanga ni kama amri kutoka Sinai. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili bidhaa imfae. Tuna hata Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa, ya 2012. Risiti haiwezi kushinda Katiba. Kwa hivyo wewe mnunuzi, piga picha ya skrini ya makosa, rekodi mashine ikiganda, weka risiti, na usiache kadi yako kwa kaunta "tuiangalie" bila kuandikiwa serial namba yake kwa karatasi.

Huyo rafiki yangu walimbadilishia kijiti cha RAM, baada ya safari tatu za tao. Nauli, na zile harusi mbili alizokosa, hakuna mtu amelipa.