Ushairi Skuli: Tusiishie Kuhesabu Mizani

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoamua mwaka 2021 kuwa hiyo iwe Siku ya Kiswahili Duniani, viwanja vyetu hupambwa, viongozi hukaa katika nafasi zao, na watoto wa skuli huitwa mbele kughani mashairi. Hughani kwa sauti njema, wakubwa wakapiga makofi, na shughuli ikaendelea. Ni jambo la kheri, na hakuna Mzanzibari mwenye kuipenda lugha yake atakayelibeza. Lakini baada ya makofi kunyamaza yafaa tujiulize swali moja: je, mtoto yule amekifahamu alichokighani?

Swali hili halina nia ya kumvunja moyo mtoto wala mwalimu wake. Tunauliza kwa kuwa somo la ushairi katika skuli zetu za msingi mara nyingi huanzia kwenye hesabu na kuishia huko huko. Mwanafunzi atakwambia upesi shairi lina beti ngapi, kila ubeti una mishororo mingapi, na kina cha bahari ni kipi. Lakini ukimuuliza mshairi anasema nini, anamwambia nani, na kwa nini hakusema waziwazi, atainamisha kichwa. Amekabidhiwa ufunguo bila kuoneshwa mlango.

Hatusemi kwamba vina na mizani vidharauliwe. Sheikh Kaluta Amri Abedi, alipozikusanya sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliihifadhi elimu kubwa ya wazee wetu. Mizani ndiyo iliyowawezesha watu wasio na karatasi kuhifadhi tenzi za mamia ya beti vifuani mwao, na kina ndicho kinachomrejeshea msomaji neno alilolisahau. Mtoto akielezwa faida hiyo, ataziona kanuni kuwa ni msaada wa kumbukumbu, na hatazichukia kama adhabu.

Tuchukue mfano mdogo, uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Mkoko wa ufukweni,
Mizizi i matopeni,
Wasimama mlangoni,
Bahari isiingie.

Mwanafunzi atahesabu mizani 8 katika kila mshororo, na atavikuta vina vitatu vya "ni" na kina kimoja cha "e". Atakuwa amesema kweli, lakini bado hajasoma shairi. Mwalimu na amuulize: mti unasimamaje mlangoni? Pwani ina mlango? Hapo mtoto ataona kwamba mti umepewa kazi ya mtu, kazi ya bawabu, nayo ndiyo tashihisi. Ataona kisiwa kimefanywa nyumba, nayo ndiyo sitiari. Ikiwa ni mtoto wa Pemba, ambako maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, hatahitaji kuambiwa dhamira ya ubeti huu, kwani ameiona kwa macho yake. Kisha aulizwe swali la mwisho: yuko mtu gani mfano wa mkoko huu, anayeilinda nyumba naye miguu yake imo matopeni? Mmoja atasema ni mvuvi, mwengine atasema ni mama yake anayelima mwani. Wote wawili wamefahamu, na hakuna anayestahiki kukosolewa.

Wapo watakaosema kuwa mtoto wa darasa la nne hana umri wa kufahamu mafumbo. Mtoto huyo huyo jana usiku alitegewa kitendawili na bibi yake, "Nyumba yangu haina mlango", akajibu bila ya kusita: yai. Sitiari anayo tangu nyumbani, lakini jina la kisomi la sitiari ndilo lililo geni kwake. Basi na tuanze na alichonacho, yaani vitendawili, methali, nyimbo za ngoma na kasida za chuoni, ndipo tumpe majina. Asikie kwanza, aghani, aulizwe maana, kisha ahesabu mizani.

Jambo hili si la walimu peke yao. Katika historia yetu, ushairi haukuwa pambo la hafla. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa akimwachia wasia binti yake. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyerikodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, aliimba pia juu ya haki iliyopotoka mahakamani zama za ukoloni, na wanyonge walijua ni wao wanaosemewa. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, aliizungumza dunia na misukosuko yake kwa kutaja dhoruba, katika shairi lililoipa jina diwani yake ya Kimbunga, iliyochapishwa mwaka 1994. Watu wa visiwa hivi wameizoea lugha hiyo. Lenye uchungu hulisema kwa fumbo, ili mwenye kusikia asikie bila ya kuvunjiwa heshima.

Fumbo huhitaji watu wawili, mwenye kulifumba na mwenye kulifumbua. Tukilea kizazi kinachojua kuhesabu mizani tu, tutapata raia wasio na njia ya staha ya kusema lao, na tutapata watumishi wa umma wasiosikia wanaposemeshwa. Raia akikosa fumbo hubakiwa na matusi au kimya, na kiongozi mwenye busara hapendi kimojawapo kati ya hivyo.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, Wizara ya Elimu iangalie mitihani ya msingi, ili alama za kueleza dhamira na sababu ya mshairi kutumia tamathali fulani zisiwe chache kuliko zile za kutaja vina. Mwalimu hufuata mtihani, na huo ndio ukweli. Pili, Baraza la Kiswahili Zanzibar na maofisa wa elimu wa wilaya wawapeleke madarasani watunzi walio hai vijijini, kabla hawajaondoka na elimu yao. Tatu, sisi wa Chama na Serikali tupunguze tabia ya kuagiza mashairi ya kutusifu kila tunapozuru skuli. Mtoto anayefunzwa kwamba kazi ya shairi ni kumpokea mkubwa, hatadhani kwamba laweza pia kumnasihi.

Wazee walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Kazi ya skuli ni kuwaongeza werevu.