Stima, tarakimu 20 na dakika zilizoisha

Kinyozi wa Homa Bay akiishiwa na stima huku mteja amenyolewa nusu kichwa, hana muda wa hesabu. Analipa kwa simu, anabonyeza tarakimu 20 za tokeni kwenye mita, mashine inanguruma tena. Kumbe hesabu inafanywa na mita, na mwaka wa 2024 nusura hesabu hiyo ituache gizani.

Tokeni moja hubeba biti 66. Chipu ndogo ya biti 8 haivuki 255 kwa mkupuo mmoja. Sasa inawezaje? Inatumia mbinu ya shule ya msingi. Nambari inagawanywa vipande 9. Kila ukibonyeza tarakimu, vyote vinazidishwa kwa 10, tarakimu mpya inajumlishwa, na kinachozidi kinabebwa hadi kipande kinachofuata. Inarudia hivyo mara 20. Kisha mita inafungua siri iliyomo: umenunua kiasi gani, na tokeni ilitolewa dakika gani.

Hiyo dakika ndiyo iliyoleta balaa. Zinahesabiwa tangu Januari 1, 1993, na zilitengewa biti 24 pekee, yaani dakika 16,777,216. Ziliisha Novemba 24, 2024. Hapo hesabu inarudi sifuri, na mita isiyosasishwa inaona tokeni mpya kama kuukuu, inaikataa. Ndiyo maana Kenya Power ilituma mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu la stima.

Je, wahandisi walizembea? Si rahisi hivyo. Biti 8 zaidi zingetosha kwa miaka zaidi ya 8,000, na chipu ingezimudu kwa kuongeza kipande kimoja tu. Lakini kila tokeni ingefika tarakimu 23, nasi tungezibonyeza kila tunaponunua stima. Walituokolea vidole, wakaahirisha deni. Miaka 31 baadaye deni likamwangukia mteja: tarakimu 60, bila kukosea hata moja, awe kijana au nyanya asiyeona vizuri.

Hesabu mpya inayoanzia 2014 nayo itaisha 2045. Wewe unayejifunza programu leo pale Homa Bay utakuwa ndiye fundi wakati huo. Kabla ya kubana nafasi kwenye chipu, jiulize ni nani atakayelipa ikijaa.