Foleni ya Tunduma yataka kanuni ya wazi

Msongamano wa malori Tunduma si jambo geni kwa wafanyabiashara wa Songwe. Shaba ya Zambia na Kongo hupita hapo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mafuta na mbolea hupita kwenda Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimepunguza hatua za ukaguzi. Hata hivyo maofisa, mashine na maegesho bado vina kikomo, na kila siku ya kusubiri inakula mtaji.

Tatizo la namna hii lilikwisha kuwakabili wataalamu wa kompyuta. Kompyuta kubwa za utafiti hutumiwa na watu wengi, na programu ya kupanga kazi, kama vile Slurm, ndiyo inayoamua nani aanze. Haitazami tu nani alitangulia kufika. Kazi kubwa inayongoja nafasi hutengewa muda wake, na kazi ndogo zinazoweza kwisha kabla ya muda huo hupitishwa. Aliyengoja sana huongezewa uzito. Aliyekwisha kutumia sehemu kubwa hupunguziwa. Anayetaja muda mfupi kuliko ukweli ili apite mapema, kazi yake hukatishwa muda huo ukiisha.

Kanuni hizo zinafaa mpakani. Lori lililokwama kwa hati pungufu lisimzuie mwenye hati kamili aliye nyuma yake, ila lirudishiwe zamu yake hati zikitimia. Wakala anayedai hati ziko tayari kumbe sivyo, apoteze zamu. Kampuni yenye malori mengi isijaze lango zima huku mwenye gari moja la nyanya akihesabu hasara.

Wapo watakaosema kwamba zamu ya kufika ndiyo haki pekee. Zamu hiyo ni rahisi kuelewa, lakini haitofautishi shaba na nyanya: shaba ikilala wiki haiozi. Aidha, pasipo kanuni iliyoandikwa, upendeleo haukosi kuingia, na mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumia kwanza.

Wakati umefika kwa mamlaka za Tanzania na Zambia kubandika langoni kanuni moja ya foleni, ili kila dereva ajue yuko wa ngapi na kwa sababu gani. Mfanyabiashara anayejua siku atakayovuka anaweza kupanga bei yake. Asiyejua hulazimika kuipandisha, na mnunuzi ndiye anayelipa.