Vitamini D haisafishi figo, acheni kutuuzia uongo

Wasee, kuna aina ya video imejaa siku hizi. Msee ameshika chupa ya vidonge, taa ya zambarau nyuma yake, anakuambia ati ukiskia umechoka, mgongo unauma na mkojo una povu, hiyo ni upungufu wa vitamini D. Meza hizi zake na figo zitarudi kama za mtoto. Nambari ya kulipa iko hapo chini, bila shaka.

Mimi pia natengeneza video, najua vile watazamaji hutafutwa. Lakini hii imenichemsha.

Sikiza vile mambo huenda. Vitamini D ukiipata, iwe ni kwa jua, mayai au samaki wenye mafuta, bado haijawa tayari kufanya kazi. Inapita kwa ini kwanza, inabadilishwa. Kisha figo ndizo humalizia kuigeuza iwe ile mwili unaweza kutumia kuvuta kalsiamu kutoka kwa chakula. Sasa figo zikichoka, hiyo kazi inakwama, na mwili unaanza kukopa kalsiamu kwa mifupa. Kwa hivyo kwa mgonjwa wa figo, huo upungufu mara nyingi ni moshi tu. Moto uko kwa figo zenyewe, na hawa jamaa wanakuuzia dawa ya moshi.

Na imepimwa. Huko Marekani walifuatilia watu 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili, wanaume kwa wanawake, kwa miaka 5. Wengine walimeza vitamini D yuniti 2,000 kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka 2019: figo zilishuka karibu sawasawa pande zote mbili.

Juzi dem mmoja aliniandikia. Babake ana sukari, miguu inafura, na pesa ya kliniki wamenunua hizo chupa, tena mbili. Nilimwambia ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapo ndipo hii biashara inaumiza: wiki zinaenda mtu akingoja kidonge kifanye kazi ambayo hakiwezi.

Tena kuzidisha kuna ubaya wake. Mtu mzima wa kawaida anahitaji yuniti kama 600 kwa siku, na bila daktari asipite 4,000. Kuna vile vya 50,000 ambavyo daktari huandikia mtu ameze kimoja kwa wiki, halafu unapata kijana anavibugia kila asubuhi kama peremende. Vitamini D ikizidi haitoki na mkojo hivi hivi, inakaa kwa mafuta ya mwili. Kalsiamu inapanda kwa damu, unaanza kiu, kutapika, mawe kwa figo, hata figo zenyewe kufeli. Yaani dawa ya figo ndiyo imeziua.

Sijasema upungufu haupo. Ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi, na wewe unayefanya kazi ya usiku halafu unalala mchana, au dada aliyejifunika mwili wote akitoka nje, mnaweza kuwa nao hata tukiwa hapa ikweta. Pima, daktari akuandikie kiasi chako. Sawa kabisa.

Lakini ukiwa na doh kidogo ya kupima kitu, anza na presha na sukari, kwa sababu hizo mbili ndizo huharibu figo nyingi zaidi. Ongeza mkojo uangaliwe protini, na damu ipimwe kreatinini. Na punguza hizo diclofenac na ibuprofen unazonunua dukani kila mgongo ukiuma, manze. Wasichana, msidhani hii ni stori ya wazee wa pombe: ugonjwa sugu wa figo hupatikana zaidi kwa wanawake, ingawa wanaume ndio hufika haraka kwa mashine ya kusafisha damu.

Na wewe unayeuza, weka hiyo 4,000 kwa tangazo lako, herufi kubwa, watu waione kabla ya kulipa. Nangoja.