TAARIFA KWA WANACHAMA: CHETI CHA KUAZIMA KINATUMALIZA

Ndugu wanachama,

Kikao kilichopita mlilalamika kwamba miradi ya maji, kuanzia Mbinga mjini hadi ufukweni Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, inachukuliwa na makandarasi wa mbali, vijana wetu wakibaki kuchimba mitaro kwa ujira wa mita. Malalamiko hayo ni ya haki. Ila kuna upande ambao jukwaani hausemwi kwa sababu haupigiwi makofi.

Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inakataza kufanya ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi, yaani CRB. RUWASA haiwezi kumpa mkataba wa ukandarasi fundi asiyesajiliwa, hata kama bomba alilolaza halijawahi kuvuja. Na zabuni siku hizi zinapita NeST, mfumo usiouliza wewe ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo vijana wameona njia ya mkato: wanaazima cheti cha kampuni ya mtu, wanamwachia chake, kazi wanafanya wao. Tupige hesabu, maana katibu wenu hiyo ndiyo taaluma yake. Malipo yanaingia akaunti ya mwenye cheti. Vitabu na TIN ni vyake. Uzoefu, ambao ndio unaomsogeza mkandarasi kutoka daraja la saba kwenda juu, unaandikwa jina lake. Bomba likipasuka, kijijini wanatafutwa vijana. Mradi wa pili ukija, vijana wanaanza sifuri na yeye keshapanda kwa jasho lao. Huo ujanja uko wapi?

Na wapo wenzetu, wa Chama hiki hiki, wanaokaa katikati kuwakutanisha wenye vyeti na wenye majembe ili wapate cha juu. Tunawafahamu. Waache mara moja.

Usajili unadai kampuni iliyoandikishwa BRELA, mtaalamu anayetambuliwa na Bodi, vifaa na ada. Peke yako huwezi. Wengi wanakwama kwa mtaalamu, wakati kata zetu zina mafundi sanifu wastaafu wa maji waliojikalia na mibuni yao. Wazee hao wafuatwe, tena kwa heshima, wawe wakurugenzi na si mihuri ya kukodi.

Kwa madiwani wetu: sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Ulizeni barazani, Mbinga na Nyasa, ni kiasi gani kilitolewa mwaka jana na kwa nani. Mtuletee tarakimu, maelezo tumeshayasikia ya kutosha.

Mafundi bomba na mafundi sanifu wote, wakiwemo wastaafu, walete nakala za vyeti ofisi ya Tawi Jumamosi saa 4 asubuhi. Mwenye cheti cha kuazima asije nacho.

Katibu wa Tawi