Mbwa Hutupiwa, Halishwi: Tutazame Tunachomtupia

KWA zaidi ya miaka thelathini sasa, wafugaji wa mbwa katika nchi za Australia, Uingereza na Marekani wamekuwa wakivutana juu ya swali moja: je, mbwa apewe nyama mbichi, au apewe chakula kilichopikwa kiwandani na kutiwa mifukoni? Mvutano huo ulipamba moto mwaka 1993, pale daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alipochapisha kitabu chake Give Your Dog a Bone. Hoja yake ilikuwa kwamba mbwa ni jamaa ya mbwa mwitu, na kwamba meno na tumbo lake viliumbiwa nyama mbichi na mifupa, si vidonge vya nafaka.

Msomaji wa Bangale akizisikia habari hizi huenda akaangua kicheko. Katika mji huu wa wafugaji, kwenye barabara iendayo Garissa, ni nani aliyewahi kumpikia mbwa? Mbwa alindaye zizi usiku dhidi ya fisi hula alichokipata. Mbwa asiye na mwenyewe hula alichokiiba. Kwa hivyo, pasipo kusoma kitabu chochote, mbwa wa Bangale anakula mbichi tangu enzi za mababu.

Hata hivyo, ningependa tusicheke tukapita. Hebu tuitazame lugha yetu kwanza, maana lugha aghalabu hufichua mambo ambayo mwenye kuisema hakukusudia kuyafichua. Ng'ombe tunamchunga, mbuzi tunamlisha, ngamia tunamnywesha, kuku tunammwagia mtama. Mbwa je? Mbwa tunamtupia. Kitenzi "kulisha" kinabeba maana ya kujua mlaji anahitaji nini na kumpa kwa wakati wake. Kitenzi "kutupia" kinabeba maana ya kuondoa kisichotakiwa mbele ya macho ya mtu. Anayelisha hutazama kinywa cha anayelishwa. Anayetupa hutazama mkono wake mwenyewe, na kitu kikishatoka mkononi humalizana nacho. Rai yangu leo ni kwamba hatujamalizana nacho. Kile tunachomtupia mbwa huturudia, tena huturudia sisi na watoto wetu.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaobishana ng'ambo. Wanaotetea ubichi hawakukosa sababu. Mwaka 2007 mamilioni ya mifuko na mikebe ya chakula cha mbwa na paka iliondolewa madukani Marekani baada ya kugunduliwa kuwa kilichanganywa na kemikali iitwayo melamini. Wanyama wengi waliharibika figo. Baada ya msiba huo, si ajabu kwamba mfugaji alikimbilia buchani. Wapinzani wao nao wana hoja nzito. Mwaka 2013 watafiti waliolinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa, kwa kuishi na binadamu maelfu ya miaka, amepata uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga kuliko jamaa yake wa porini. Kumbe ugali si mgeni tumboni mwake. Fauka ya hayo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani kati ya 2010 na 2012, ikakuta vijidudu vya salmonela katika sampuli 15 na vya listeria katika 32. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo kikatoa msimamo wa kutokubaliana na ulishaji wa nyama mbichi isiyotibiwa.

Lakini ipo hatari moja ambayo katika mjadala huo hutajwa kwa nadra, kwa kuwa katika miji yao imekwisha kudhibitiwa. Huku kwetu hiyo ndiyo kubwa. Nayo haimo katika mnofu. Imo katika viungo vya ndani.

Mchinjaji yeyote wa bara ameiona. Mbuzi amechinjwa chini ya mgunga, tumbo limepasuliwa, ini limetolewa. Juu ya ini, au juu ya pafu, pana uvimbe mweupe uliojaa maji, mmoja au kadha, mwingine kama punje ya mahindi na mwingine kama yai la kuku. Mchinjaji ni mtu mwangalifu. Hawezi kuwapa watu ini kama hilo. Anaukata ule uvimbe pamoja na nyama iliyouzunguka. Na akishaukata, anaufanyia nini? Anamtupia mbwa anayesubiri pembeni.

Hapo ndipo penye msiba. Kipande ambacho binadamu amekiona kibovu, akakikataa kwa busara, ndicho hasa kipande ambacho mbwa hakupaswa kukila kikiwa kibichi. Ule uvimbe ni makao ya watoto wa tegu mdogo mno aitwaye kitaalamu Echinococcus granulosus. Wakifika utumboni mwa mbwa, hukua wakawa wakubwa kwa muda wa majuma sita au saba hivi, na huweza kuwa maelfu bila mbwa kuonyesha dalili yoyote. Tegu hao hutaga mayai yasiyoonekana kwa macho, yanayotoka pamoja na kinyesi cha mbwa na kunata katika manyoya yake. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia huyameza malishoni, na uvimbe mwingine huanza kukua. Mzunguko huo ungebaki kuwa wa mbwa na mifugo, lau mtoto asingechezea mchanga ule ule, na lau mama asingeteka maji kwenye kisima kile kile ambacho mbwa naye hukinywea.

Hapa pana jambo la kusahihishwa, maana wengi hukosea. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kula lile ini. Hupata kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa, kupitia mikono, maji, au chombo cha maziwa kilichochafuka. Kwa hivyo mtu anayetupa ini bovu akidhani amejiepusha na maradhi, kwa kweli ameyapitisha njia ndefu zaidi ili yamfikie.

Nayo yakimfikia hayana haraka. Uvimbe hukua polepole kwa miaka mingi, mara nyingi katika ini, na baada yake katika mapafu. Mtoto aliyemeza yai akiwa darasa la pili huenda akaja kuugua akiwa na watoto wake mwenyewe. Tiba ipo: upasuaji, dawa ya albendazoli, na kuufyonza uvimbe kwa sindano chini ya uangalizi wa mashine ya kupigia picha. Lakini tiba hizo zote zataka hospitali kubwa, na safari ndefu, na fedha. Uvimbe ukipasuka ndani ya mwili waweza kumuua mtu kwa ghafla.

Haya si mambo ya kuyasoma katika vitabu vya Wazungu pekee. Turkana, hapa hapa Kenya, ndiko kulikopata kuandikwa viwango vya juu kabisa vya ugonjwa huu duniani. Takwimu za miaka ya mwanzo ya 1980 kutoka kaskazini-magharibi mwa Turkana zilionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Shirika la AMREF lilianzisha huko mwaka 1983 mpango wa kuudhibiti: kuwatibu mbwa dawa ya tegu, kuwapima watu kwa mashine, kuwapasua wagonjwa, na kuwaelimisha wafugaji. Mbwa, mifugo, uchinjaji wa uwanjani na uhaba wa maji ndio mambo manne yaliyoulea ugonjwa ule. Mkaazi wa Bangale na ajiulize ni lipi kati ya hayo manne ambalo mji wake haunalo.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa: "Sisi ni Waislamu, mbwa hatumgusi. Chombo alichokilamba twakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo." Hilo ni kweli, na ni kinga ambayo jamii nyingine zingeitamani. Lakini kinga hiyo inahusu chombo tulichomwona mbwa akikilamba; yai la tegu halionekani, wala mbwa hatoi taarifa alikopita usiku. Isitoshe, huenda desturi ya kumweka mbwa mbali ndiyo iliyotufanya tusijali anakula nini. Tumemtoa nyumbani, tukamtoa na katika fikira zetu, ilhali dini yenyewe imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na wa kuwinda. Aliyeruhusiwa kazi hastahili kusahauliwa chakula.

Je, jambo hili lina dawa? Tutazame Iceland, kisiwa cha wafugaji wa kondoo kule kaskazini ya mbali. Katika karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa nchi zilizoteswa mno na ugonjwa huu. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alipasua mbwa 100 huko akakuta 28 kati yao wana tegu huyo. Mwaka uliofuata aliandika kijitabu chepesi, kikachapishwa kwa lugha ya wenyeji na kugawiwa bure majumbani. Kilieleza jinsi ugonjwa unavyozunguka na kuwataka watu wasiwape mbwa viungo vyenye uvimbe, bali waviteketeze au wavifukie. Sheria za kudhibiti mbwa zilifuata mwaka 1869 na 1890. Kufikia katikati ya karne ya 20 ugonjwa ulikuwa umekaribia kutoweka. Ukumbuke kwamba wakati kijitabu kile kinaandikwa hapakuwa na dawa ya kuaminika ya kuua tegu, wala mashine ya kupiga picha matumbo. Palikuwa na maarifa yaliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka, na watu waliojua kusoma.

New Zealand nayo ilipita njia iyo hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1959 ilikaza vita dhidi ya tegu huyu, ikakataza mbwa kupewa viungo vibichi vya kondoo, na mwaka 2002 ikatangaza kwamba, kwa kadiri ilivyoonekana, ugonjwa umetoweka nchini. Ndiyo maana mfugaji wa huko leo anaweza kubishana kwa starehe juu ya ubichi na upikaji. Mjadala wake umejengwa juu ya kazi iliyofanywa na waliomtangulia. Sisi tukiupokea mjadala bila kazi ile, tutakuwa tumenunua paa kabla ya kusimamisha nguzo.

Basi tufanye nini? Sisemi kila boma la Bangale limpikie mbwa chungu chake. Kuni ni adimu, na maji ni adimu zaidi. Nasema tutofautishe kati ya kiungo na kiungo. Mnofu na mifupa mibichi havina hatari hii, mbwa na apewe. Mabaki ya ugali na maziwa, na apewe. Lakini ini, mapafu, figo na wengu wenye uvimbe visitupwe wazi. Mwenye kuni avichemshe kwa nusu saa kamili, kisha ampe mbwa akashibe. Asiye na kuni achimbe shimo la kwenda chini asikofika mbwa kwa makucha yake, afukie, na juu aweke miiba na mawe. Jembe moja na jasho la robo saa ni rahisi kuliko safari moja ya kwenda kupasuliwa.

Serikali ya kaunti nayo ina sehemu yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti machinjio, udhibiti wa maradhi ya mifugo, na hata utoaji wa leseni za mbwa. Machinjio yasiyo na uzio wala shimo ni jiko la mbwa lililofunguliwa na umma. Vilevile, nchi yetu ina mpango wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, unaotegemea kuwachanja mbwa kwa wingi. Mbwa akiwa amekwisha kushikwa kwa ajili ya sindano, kuna ugumu gani kumpa na kidonge cha prazikuanteli cha kuua tegu? Kweli, kidonge kimoja kwa mwaka hakitoshi, kwa kuwa mbwa huambukizwa tena. Lakini kidonge na shimo vikienda pamoja, mzunguko huanza kukatika.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi, ambao hasa ndio niliokusudia kuwaandikia. Mzunguko wa maisha ya tegu umo katika vitabu vya sayansi, na mwanafunzi huuchora kwa mishale mizuri ili apate alama. Kisha hurudi nyumbani, akamkuta baba akichinja, akatazama ini likirushwa, asione kwamba mchoro wake ule umesimama mbele yake. Elimu isiyotoka daftarini hadi zizini ni mzigo wa karatasi tu. Mwalimu wa sayansi na awapeleke wanafunzi machinjioni wakauone uvimbe ule kwa macho yao, pamoja na mkaguzi wa nyama. Mwalimu wa Kiswahili na awape insha: waandike kijitabu cha kurasa nne cha kumweleza mzazi. Waandike kwa Kiswahili, na wanaojua Kiorma, Kisomali au Kipokomo waandike kwa lugha hizo pia, kwa sababu mwenye kisu pengine hakupitia shuleni. Watu wa Iceland walianza kwa kijitabu. Nasi hatukukosa kalamu.

Wahenga walinena kwamba ukizoeana na mbwa atakufuata hadi msikitini. Walikuwa wakituonya juu ya mazoea na watu wasiofaa. Tegu huyu ametuonyesha kwamba hata usipozoeana na mbwa atakufuata, kwa njia ya maji, ya mchanga, ya mkono wa mtoto. Kwa hivyo, kabla ya kurusha kipande kile cha ini, tusimamishe mkono kidogo tukitazame. Tukikiona hakitufai, tusiseme kinamfaa mbwa. Tukifukie.